Krismasi njema, na salamu kutoka Ufunuo 12

Ndugu na dada zangu wa kikundi cha Jumatano, Bwana asifiwe!

Najua baadhi yenu mnasoma haya mkiwa kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus, mizigo miguuni, nauli imeruka na makanga hasikii la mtu. Mungu awafikishe salama. Sisi tunaobaki Nairobi tutatamba na barabara zisizo na msongamano hadi Januari.

Mwaka huu siwatumii hori na wachungaji. Nawatumia joka.

Someni Ufunuo 12. Ni Krismasi ileile ya Mathayo, ila Yohana, mwandishi wa Ufunuo, anaitazama kutoka juu. Mwanamke amevikwa jua, mwezi u chini ya miguu yake, kichwani ana taji ya nyota kumi na mbili, na ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Mbele yake joka kubwa jekundu, lenye vichwa saba na pembe kumi, linangoja azae limle mtoto. Huku chini, joka hilo lilijitokeza kwa upanga wa Herode kule Bethlehemu.

Mwanamke huyo ni nani? Hapo ndipo tulipobishana hadi chai ikapoa. Wakatoliki wengi humwona Mariamu, na siwapingi sana. Lakini kabla ya kukisia, rudini Mwanzo 37. Yusufu anaota jua, mwezi na nyota kumi na moja vikimwinamia, na Yakobo baba yake anafasiri papo hapo, tena kwa kumkaripia: ni mimi, mama yako na ndugu zako? Muongeze Yusufu mwenyewe, zinatimia kumi na mbili. Basi mimi namwona Israeli, taifa zima likimzaa Masihi kwa uchungu, na Mariamu yumo humo ndani. Fimbo ya chuma ambayo mtoto atachungia mataifa, mstari wa 5, inatoka Zaburi 2. Joka nalo halingoji mhubiri wa bustani ya Jeevanjee alitaje jina. Mstari wa 9 umeshasema ni Ibilisi, nyoka wa zamani.

Funguo nyingi za Yohana zimo humohumo kwenye Maandiko. Sisi huzitafuta kwenye taarifa ya saa moja. Mnakumbuka Huduma Namba, ule usajili wa serikali wa 2019? Wapo walioapa ndiyo alama ya mnyama wa Ufunuo 13, na mimi, sitaficha, nilikaa kwenye foleni nikiichungulia fomu nione kama kuna sita tatu, 666, namba ya mnyama huyo, mahali. Wasomaji wa kwanza wa kitabu hiki walikuwa makanisa saba ya jimbo la Asia, Uturuki ya leo, Efeso hadi Laodikia, chini ya utawala wa Roma. Sidhani Yohana aliwaandikia kuhusu fomu yangu.

Ishara ninayoipenda kuliko zote iko sura ya 5. Yohana anaambiwa Simba wa kabila la Yuda ameshinda. Anatazama: Mwana-Kondoo, amesimama kana kwamba amechinjwa. Mamajusi nao walianza kumuulizia mfalme Yerusalemu, kwa wakubwa, kisha wakamkuta mtoto mikononi mwa mamaye, katika kijiji.

Mliobaki mjini, karibuni kwangu tarehe 25 baada ya ibada. Chapati zipo. Njooni na Biblia zenu, kwa sababu mstari wa 14 mwanamke anapewa mbawa mbili za tai, na sitaki mtu aniambie ni ndege ya jeshi kabla hajafungua Kutoka 19.

Krismasi njema, nyote na wa nyumbani kwenu.