Msitie samaki bado

Habari za jioni wapendwa. Naona wengi mmeshaweka matangi ya kufuga samaki na kuotesha mboga kwa maji yale yale, hongereni sana! Ila nawaomba, vifaranga vya perege visubiri. Washeni pampu maji yazunguke, mtupie chakula cha samaki kidogo kioze, kwa wiki 4 hadi 6. Hapo bakteria wanazaliana kwenye kokoto za kuoteshea mboga. Hao ndio watakaogeuza amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki, kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo ndiyo mbolea ya mchicha wenu. Bila wao samaki wanakufa, na inauma kweli.

Kokoto zidondosheeni siki kwanza. Zikitoa povu zina chokaa, msizitumie.

Jumamosi saa 3 asubuhi tukutane kwangu. Mwenye kipimo cha amonia aje nacho tafadhali.