Msitupe probu ya CNC kabla haijapimwa

Kwa Mhariri,

Mimi ni opereta wa mashine za CNC za milling, zile za kukata chuma zinazoongozwa na kompyuta, huku Industrial Area na kuna kitu kinaniuma sana. Probu, kile kifaa chenye sindano kinachogusa kazi ndani ya mashine ili kuipima, ikianza kutoa vipimo vya ajabu ama igome kabisa, fundi anaitwa, anaichungulia kidogo tu anasema hii imekufa nunueni ingine, basi mwenye karakana anaagiza kutoka ng'ambo kwa pesa nyingi na mashine inalala ikingoja mzigo utoke forodha. Kumbe shida ilikuwa betri!

Jamani tuanze na vitu vidogo. Probu nyingi zinaongea na risiva (kipokezi cha ishara zake kwenye mashine) kwa infraredi kama rimoti ya TV, kwa hivyo kulanti (maji ya kupoza chuma kikikatwa) na chembe za chuma zikifunika kioo cha probu ama cha risiva mawasiliano yanakatika. Panguseni. Wekeni betri mpya. Halafu stailasi, ile sindano yenye gololi nyekundu ya rubi, ikazwe vizuri manake ikilegea kidogo tu vipimo vinacheza hata kama probu yenyewe ni nzima.

Bado inasumbua? Andika G31 fupi, ile amri ya kutembeza mashine mpaka probu iguse kitu isimame, mashine itembee polepole hewani mbali na meza, mtu aguse sindano na kijiti. Kama taa ya probu inatoka kijani inakuwa nyekundu lakini mashine haisimami, usinunue probu, fuata risiva na waya zake mpaka kwa kontrola, kompyuta ya mashine. Taa ikiwaka lakini isibadilike na betri ni mpya, hapo sawa, probu ndio mbovu, pengine kulanti imeingia ndani.

Na mkinunua angalieni risiva mliyo nayo. Kuna karakana naijua walileta probu ya redio na risiva yao ni ya infraredi, hazisikizani kabisa, sasa imekaa tu kwa kabati. Ikishafungwa, sindano iwekwe senta kwa dayo geji (geji ya mshale) kisha kalibresheni, yaani kusahihisha vipimo vya probu, ifanywe kwa ringi geji, pete yenye kipimo kinajulikana. Hapa ndio watu wanaruka, wanakata kazi ya mteja na kalibresheni ya probu ya zamani, na kosa la milimita 0.05 kwa tundu la beringi ni kazi ya kutupwa.

Naomba vyuo vya ufundi wafundishe hii kitu kwa mashine yenyewe, si ubaoni tu, na wenye karakana wanunue ringi geji na stailasi ya spea kabla ya kufikiria probu mpya.

Opereta wa CNC,
Industrial Area, Nairobi