Tuchukue pikapu ipi ya kuvuta boti mpaka Ziwa Albert?

Mhariri, salaam kwako, na kwa mafundi, madereva na wenye boti wanaokusoma.

Tuko wawili, tuna boti moja ya faiba hapa Masese, Jinja. Ina futi 22 na mashine mbili, kila moja ya nguvu farasi 40. Ni boti ya kukodisha: mara wateja wanaitaka hapa Ziwa Victoria, mara Butiaba au Kaiso kwenye Ziwa Albert. Kuipakia kwenye lori la kukodi kunakula faida yote, kwa hiyo tumeamua kununua pikapu iliyotumika tuivute wenyewe. Trela ipo. Fedha zipo, shilingi milioni 75 za Uganda, na humo humo zitoke za matengenezo ya kwanza. Tunachokosa ni kukubaliana.

Naanza na uzito, maana ukimuuliza mtu boti yake ina kilo ngapi atakutajia ganda tupu, kana kwamba mashine, mafuta na trela vitasafiri kwa basi. Kwenye mizani, boti ikiwa juu ya trela na matangi matupu, tulipata kilo 1,940. Lita 150 za petroli ni kilo 110 hivi. Nanga, kamba, betri mbili na jaketi za kuokolea zinaongeza kama 100. Tuseme kilo 2,150. Trela ina ekseli mbili na ilitoka Uingereza, ikiwa na breki za kujisukuma: pikapu ikipunguza mwendo, trela inaisukuma kwa nyuma, shafti ya kichwa cha trela inarudi ndani na kuvuta kebo za breki. Breki hizo zinafanya kazi kebo zikiwa zimekazwa sawa pande zote na ngoma zikiwa hazijashikwa na kutu. Za trela ya boti hushikwa, kwa sababu kila siku zinazamishwa majini.

Mwenzangu anataka Land Cruiser 79, singo kabini, injini ya 1HZ ya lita 4.2, dizeli isiyo na turbo. Mimi navutwa na Hilux Vigo dabo kabini ya 2011, 3.0 D-4D, gia za mkono. Juzi imejitokeza ya tatu, Isuzu D-Max 3.0 ya 2013, iliyokuwa ya shirika moja na kuuzwa mnadani. Zote ni 4x4 na zote zimeshasajiliwa hapa, kwa hiyo ile sheria ya 2018 inayokataza kuingiza gari lililofikisha miaka 15 haitugusi.

Kwa vitabu, zote tatu zinaweza. Land Cruiser imepewa kilo 3,500 kwa trela yenye breki. D-Max za umbo hilo ni kilo 3,000 au 3,500, na Vigo ni 2,250 au 2,500, kulingana na mwaka na soko lilikouzwa gari. Ikitokea Vigo yetu ni ya 2,250, tutabaki na kilo 100 tu za kupumulia. Halafu kuna kikomo kingine, cha gari na trela vikipimwa pamoja, ambacho wauzaji hawakitaji kabisa. Ukipakia watu wanne kabini na madumu ya mafuta kwenye bodi, unaweza kukivuka hata kama trela peke yake imo ndani ya kiwango.

Nguvu ya kuvuta si hoja kubwa kwangu, ila mwenzangu haniamini, basi niiseme. Kwa Nm, kipimo cha nguvu ya injini ya kuzungusha, 1HZ inatoa kama 285, Vigo 343, D-Max 380. Zaidi ya hapo, Jinja na Kampala ziko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, kwa hiyo 1HZ hapa kwetu inafanya kazi ikiwa imepungukiwa sehemu moja ya kumi au zaidi. Zenye turbo, yaani Vigo na D-Max, hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwenye vilima vya Busunju na Kiboga, njiani kwenda Ziwa Albert, Land Cruiser itapanda, lakini kwa gia ya tatu na foleni nyuma yake.

Hoja yangu ni kusimama. Ziwa Albert liko mita 620 hivi, Hoima mjini ni zaidi ya 1,100, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo unaishuka kwenye ule ukingo wa bonde la ufa, kwa kona, ndani ya kilomita chache. Barabara ya Kaiso ni lami nzuri, na uzuri huo ndio hatari yake, maana gari linakimbia lenyewe. Pikapu na trela pamoja ni zaidi ya tani 4. Ukishuka kwa kukanyaga breki mfululizo, pedi zinapata moto, moto unaingia kwenye oili ya breki, na oili ya zamani iliyokwisha kunyonya unyevu inachemka. Hapo pedali inazama hadi sakafuni bila kushika kitu. Dawa ni kuingia mteremko na gia ya pili kabla ya kona ya kwanza, injini ishikilie. Na hapa namkubalia mwenzangu: lita 4.2 zinashikilia kuliko lita 3, na Land Cruiser yenyewe ni nzito, haisukumwi ovyo na trela. Vigo ni nyepesi kuliko boti yake, au karibu sawa nayo.

Kwenye Hilux na pikapu za aina yake kuna kitu ambacho mafundi wengi hukipita bila kukitazama. Juu ya ekseli ya nyuma pana valvu ya breki yenye kijiti kilichofungwa kwenye ekseli. Nyuma ikishuka kwa mzigo, kijiti kinaisukuma valvu, nayo inaongeza nguvu ya breki za nyuma. Sasa pikapu za kwetu zimebeba matoke maisha yao yote, na karibu kila moja imeongezewa majani ya springi. Majani yakiongezwa nyuma inainuka, valvu inadhani gari ni tupu, na breki za nyuma zinapewa nguvu kidogo hata ukiwa umepakia. Vigo tunayoiangalia ina majani mawili ya ziada, na kijiti chake kimefungwa kwa waya. Muuzaji anasema si kitu. Mimi nasema tuyatoe majani hayo, turudishe springi za kawaida na kijiti mahali pake, au tukirekebishe kipimo kulingana na urefu mpya. Kuna aliyewahi kukirekebisha vizuri bila kipimo cha presha ya breki?

D-4D yenyewe, injini ya Vigo, ina ugonjwa unaojulikana. Vioshi vya shaba vilivyo chini ya injekta vikichoka, moshi wa ndani ya silinda unavuja kuingia kwenye oili, oili inakuwa na masizi mazito, na masizi yanaziba chujio la mdomo wa pampu ya oili ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Injini inakauka na kujikaza, wakati mwingine taa ya oili ikiwaka imeshachelewa. Kwa hiyo tumepanga kuiona asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, boneti tuipapase kabla hawajaiwasha. Tutasikiliza mlio wa kupumua pembeni ya injekta, tutatazama moshi mweupe wa dakika za kwanza, tutafungua kifuniko cha oili na kutafuta ukoko mweusi kama lami. Kisha kompyuta ya kupimia: marekebisho ya kila injekta, injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), yakizidi 3 kwenda chanya au hasi, injekta hiyo imechoka. Zikiwa nne, bei ya Vigo inabadilika kabisa. Ningependa pia sampu ishushwe kabla ya kulipa, lakini ni muuzaji gani wa Kampala atakayekubali?

Mkanda wa taimingi nao, tukinunua Vigo au Land Cruiser, tunaubadilisha siku hiyo hiyo bila kujali kilichoandikwa kwenye stika. D-Max inatumia cheni. 1HZ haina kompyuta, pampu yake ni ya kimekanika na fundi wa Buliisa anaijua, ila ikiwahi kuchemka sana hedi hupasuka. Ile tunayoiona ina rejeta mpya inayong'aa ndani ya gari la zamani, na hilo linanipa maswali kuliko raha.

Chesisi tutaipiga nyundo ndogo kote, hasa nyuma ya kabini na pale zinaposhikwa springi za nyuma. Chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti ya ubao. Magari yaliyotoka Uingereza yamepita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, na rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu si usafi. Pengo kati ya kabini na bodi likiwa pana juu na jembamba chini, au kinyume chake, chesisi imepinda.

Mwaloni ndiko D-Max inakonipa wasiwasi. Sehemu nyingi tunakoshushia hakuna sakafu ya zege, ni murramu, tope na magugu maji. Kurudisha trela taratibu kwa gia ya kawaida kunamaanisha kunyong'onyeza klachi, na pikapu nyingi za dizeli za siku hizi zina flaiwili ya vipande viwili, ghali kuliko klachi yenyewe. Ikianza kugonga injini inapozimwa, imekwisha. Dawa ni 4L, yaani gia nzito za 4x4: gari linatambaa lenyewe, mguu haupo kwenye klachi. Lakini 4L ya hii D-Max inaingia kwa kubonyeza swichi, na tulipoijaribu taa ilipepesa kwa muda mrefu kabla ya kutulia. Je, ni mota tu ya kuhamisha gia, au ni dalili ya ugonjwa ndani ya gia boksi ndogo? Land Cruiser ina mkono wa chuma, unauvuta na unajua umefika.

Nimeona pia watu waliofunga boli ya trela (ile tufe ya chuma inayoshika kichwa cha trela) mbele ya pikapu, wakaisukuma boti majini huku magurudumu ya nyuma yakibaki pakavu na dereva akiona kila kitu. Nimevutiwa, lakini uzito wote unaangukia ekseli ya mbele. Waliofanya hivyo watuambie bampa walifunga wapi kwenye chesisi.

Kuhusu umeme, kwa ufupi tu: baadhi ya Land Cruiser zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 24, na taa za trela yetu ni za volti 12. Tutapima kwenye betri kabla ya kuunganisha. Na boli: kichwa chetu ni cha milimita 50, cha Ulaya. Vichwa vya trela za Marekani ni vya inchi 2, ambazo ni milimita 50.8, na pikapu yoyote kati ya hizi inaweza kuwa imefungiwa boli ya huko. Kichwa chetu kwenye boli hiyo kinaweza kukataa kujifunga mpaka mwisho, ukadhani kimeshika kumbe kimekalia tu, kikaruka kwenye tuta la kwanza.

La mwisho ni la trela, ila linaamua pikapu. Uzito unaoangukia boli unatakiwa uwe asilimia 7 hadi 10 ya trela, yaani kwetu kilo 150 hadi 215. Tulipouweka mguu wa mbele juu ya mizani ya nafaka tukapata 90. Mashine mbili nyuma zinauinua mdomo, na trela yenye mdomo mwepesi huanza kuyumba ukifika kilomita 70 kwa saa, ikiyumba inavuta mkia wa pikapu nayo. Naweza kusogeza nguzo ya winchi mbele kwa sentimita 25, lakini hapo mgongo wa boti, pale zinaponing'inia mashine, utabaki hewani bila roller chini yake, na faiba itapasuka. Njia nyingine ni kurudisha ekseli zote mbili nyuma, kazi ya kulehemu na kupima upya. Na kilo 200 kwenye boli ya Vigo zinashusha nyuma na kuinua mbele, usukani unakuwa mwepesi. Land Cruiser haitazihisi.

Kwa hiyo wenye ujuzi mtujibu. Kuna mtu anayevuta zaidi ya tani 2 kwa Vigo 3.0 kwenda Ziwa Albert mara kwa mara, na klachi na breki zinamdumu kwa muda gani? Land Cruiser ya 1HZ inakunywa lita ngapi kwa kilomita 100 ikiwa na trela nyuma? Ile taa ya D-Max tuikimbie au tuitumie kupunguza bei? Na kwa trela, nguzo ya winchi au ekseli? Mwenye D-Max ameahidi kutushikia mpaka mwisho wa mwezi, wa Vigo hajaahidi chochote.

Msomaji, Masese, Jinja