Barua ya Wazi kwa Mwenye Dhamana ya Mambo ya Kale Zanzibar: Tunaomba Orodha

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Baada ya salamu, nakuandikia hadharani kwa sababu barua nilizopeleka kwa njia ya kawaida, kuomba orodha ya vitabu vya kale vya mkono vilivyo mikononi mwa serikali, zimejibiwa kwa sentensi moja isiyobadilika, kwamba suala linafanyiwa kazi, nami nimechoka kuisoma. Wiki iliyopita, katika duka moja la vinyago hapa Mji Mkongwe, nimeona ukurasa wa msahafu wa kuandikwa kwa mkono umetiwa fremu ya kioo, unauzwa kwa dola. Wino wa aya ulikuwa bado umekolea, vituo vimetiwa rangi nyekundu, na pembeni, kwa mwandiko mwingine mdogo, palikuwa na maneno ya wakfu: hauuzwi, hautolewi zawadi, haurithiwi. Muuzaji akaniambia, kwa adabu kabisa, kwamba kwa kuwa mimi ni mwenyeji angenipunguzia bei.

Sisemi kwamba ukurasa ule umetoka katika hazina ya serikali. Nasema kwamba bila orodha iliyo wazi hata wewe, Mheshimiwa, huwezi kuapa kwamba haukutoka.

Yaliyofuata baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964 unayajua. Wenye vitabu wengine waliuawa, wengine walikimbilia bara, Mombasa na Oman, na nyumba zikataifishwa pamoja na makabati yaliyokuwamo. Sheikh Abdulla Saleh Farsy aliondoka na mwaka 1968 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya; elimu yake aliweza kuondoka nayo, lakini si kila mwanazuoni aliweza kufunga maktaba yake kwenye sanduku. Nadhani kosa la wakati ule lilikuwa kuiona kila karatasi yenye herufi za Kiarabu kuwa ni mali ya Sultani. Kumbe mwanazuoni Sheikh Abdulaziz al-Amawy alizaliwa Barawa, Somalia, mwenzake Sheikh Ahmed bin Sumeit alizaliwa Ngazija, Komoro, na walimu wa vyuoni waliokaa wakinakili Maulidi ya Barzanji kwa taa ya mafuta hawakuwa na kasri wala cheo cha kupinduliwa.

Haki isemwe: ofisi ya Nyaraka ya serikali, Kilimani, imehifadhi hati ambazo majumbani mwetu zingeshaliwa na mchwa zamani, na kwa hilo tunashukuru. Lakini kuhifadhi kitu ni jambo moja, kukimiliki ni jambo lingine. Msahafu uliowekwa wakfu haukuacha kuwa wakfu kwa sababu umepigwa muhuri na kupewa namba ya kabati; serikali iliyoupokea ni msimamizi wake tu, na msimamizi wa wakfu huulizwa hesabu. Ilipoporomoka sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la Mji Mkongwe, tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, tuliwaombea marehemu kwanza, kisha tukauliza ni vitu gani vilikuwamo, vipi vilishahamishwa, na viko wapi leo. Tumeelezwa mengi kuhusu nguzo, mnara na saa yake. Kuhusu vitabu, mimi bado nasubiri.

Nami nina langu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alifika kwetu mtumishi wa ofisi moja aliyekuwa akikusanya maandishi ya kale, na babu akamkabidhi juzuu tatu za mkono kwa ahadi kwamba zitatengenezwa na kurudishwa. Stakabadhi tunayo, imekunjwa mpaka inakatika. Juzuu zile zilikuwa zikisomwa kila Ramadhani kuwarehemu waliotangulia, kama alivyoshurutisha mweka wakfu, na mama yangu, ambaye sasa haoni vizuri, kila mwezi ukiandama huniuliza kama serikali imeshamaliza kuzitengeneza. Miaka arobaini, Mheshimiwa, ni muda wa kutosha kushona jalada.

Usiniambie kwamba haiwezekani. Lamu, katika Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Saleh, hati za kale zimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na anayetaka huzisoma akiwa kwao. Vitabu vyenyewe havikuondoka msikitini.

Sikuombi fidia, sikuombi tume, na tafadhali usituundie kamati. Naomba orodha: jina la kitabu, jina la mweka wakfu pale lilipoandikwa, kimetoka msikiti gani au nyumba ya nani, na kiko wapi leo. Nakala moja ipewe Kamisheni ya Wakfu, nyingine ibandikwe mahali ambapo mtu wa Makunduchi au Wete anaweza kuisoma bila kuomba kibali. Na kama juzuu zetu zimeliwa na mchwa, andikeni hivyo hivyo, zimeliwa na mchwa, ili nipate la kumwambia mama kabla ya Ramadhani ijayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjukuu wa mweka wakfu,
Ng'ambo, Unguja