Mbwa anachafua hewa kila saa? Kabla hujanunua dawa tuangalie kwanza bakuli lake

Hili swali tunaulizwa sana hapa kwenye duka letu la dawa na vyakula vya wanyama, Ngamiani, Tanga, na wengi wakifika wanasogea karibu na kaunta wanaongea kwa sauti ya chini kama wanaona aibu, "nna mbwa wangu anajamba balaa, mna dawa gani?" Msione aibu jamani, tumbo ni tumbo. Dawa zipo, ila tunaomba usianze na dawa, manake kwa mbwa wengi tunaoletewa chanzo ni kile anachowekewa kwenye bakuli na namna anavyokila, na hivyo viwili unaweza kuvirekebisha mwenyewe nyumbani bila kutuachia hata shilingi.

Mbwa kutoa hewa mara mojamoja ni kawaida kabisa, usihangaike. Tunayoongelea hapa ni ile ya kila saa, mlinzi anahamisha kiti chake getini, watoto wanakimbia barazani, na tumbo la mbwa linaunguruma mpaka unalisikia ukiwa umesimama pembeni.

Gesi hiyo ina njia mbili za kuingia. Ya kwanza ni hewa ya kawaida anayoimeza wakati anakula kwa pupa. Ya pili inatengenezwa humohumo ndani, yaani chakula ambacho utumbo mwembamba umeshindwa kukisaga kinashuka kwenye utumbo mpana kikiwa bado, bakteria waliopo kule wanakichachusha na hapo ndo gesi inazaliwa. Sasa sehemu kubwa ya gesi hiyo haina harufu yoyote, ni naitrojeni, kabonidioksidi, haidrojeni na methani, harufu yenyewe inaletwa na gesi zenye salfa ambazo hazifiki hata asilimia 1 ya yote. Ndo maana tunakuuliza, anatoa hewa nyingi isiyonuka sana, au anatoa kidogo lakini haikaliki? Ukitujibu hilo tu tayari tunajua tuanzie wapi, nyingi isiyonuka mara nyingi ni kula kwa haraka au wanga ambao haukuiva, kidogo inayonuka vibaya mara nyingi ni dagaa, mayai, kabichi au nyama nyingi kuliko tumbo linavyoweza kusaga.

KABLA HATUJAENDELEA, hili naomba ulisome hata kama mengine yote utayaruka. Kama tumbo la mbwa limevimba limekaza kama ngoma, anajaribu kutapika na hakuna kinachotoka, anatoa mate mengi, hatulii, analala anainuka analala tena, hiyo sio gesi ya kuletewa dukani. Tumbo linaweza kuwa limejaa hewa na kujisokota, na ikifika hapo damu haipiti na mbwa anaweza kufa ndani ya masaa machache. Inawapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu cha kwenda chini, kama German Shepherd, Rottweiler, Boerboel na Great Dane, na hao ndo wengi wenu mmewaweka kwa ulinzi huko Raskazone na Sahare. Usimpe mafuta, usimpe soda, usisubiri kuche, mpigie daktari wa mifugo hapohapo hata kama ni saa nane usiku.

Haya, sasa turudi kwenye bakuli.

Sisi Tanga tuna vyakula vyetu na mbwa wetu wanakula tunachokula, halafu kuna vitu vinne vitano vinajirudia kila tukimhoji mteja. Cha kwanza maharage. Maharage na kabichi zinashuka kutoka Lushoto kila siku, bei nafuu, kwa hiyo ugali unachanganywa na mabaki ya maharage ya nazi na mbwa anakula vizuri tu anaramba mpaka bakuli. Lakini kwenye maharage kuna aina za sukari ambazo mbwa hana kimeng'enya cha kuzivunja (hata sisi watu hatuna, mnajua wenyewe), zinashuka nzima mpaka kwenye utumbo mpana na bakteria wanazifurahia. Ongeza tui ambalo ni mafuta matupu, ongeza kitunguu na saumu ambavyo kwa mbwa ni sumu kabisa maana vinaharibu chembe nyekundu za damu, yaani hapo gesi ni shida ndogo kuliko zote. Mchuzi wa binadamu usimpe. Ukimpikia mbwa, mpikie yake pembeni bila kitunguu, bila chumvi, bila pilipili, bila tui.

Cha pili maziwa. Mji wetu huu maziwa sio tatizo, na mtu akiwa na ng'ombe nyumbani au kwa jirani anaona kumpa mbwa maziwa kila asubuhi ni kumpenda. Mtoto wa mbwa anayenyonya sawa, tumbo lake limeumbwa kwa maziwa ya mama yake, ila akishaachishwa ile nguvu ya kusaga sukari ya maziwa inapungua sana na kwa mbwa wengi wakubwa inakuwa ndogo mno, kwa hiyo bakuli la maziwa linageuka gesi na choo laini. Kama ni lazima umpe kitu cha maziwa basi mtindi usio na sukari, kijiko kimoja viwili, maana sukari yake nyingine imeshaliwa na bakteria wa mtindi. Jaribu kumkatia maziwa wiki moja tu uone, hili ndo jaribio rahisi kuliko yote na ndo tunaloanza nalo karibu kila siku.

Halafu ugali. Wapo waliosoma mtandaoni kwamba mbwa ni mnyama wa nyama tu na wanga ni kosa, wanakuja hapa wamechanganyikiwa kabisa. Mbwa sio mbwamwitu, ameishi na watu maelfu ya miaka na mwili wake umezoea kusaga wanga kuliko mbwamwitu, kwa hiyo ugali na wali sio adui zake. Adui ni ugali ambao haukuiva. Kwenye nyumba nyingi ugali wa mbwa unasongwa kwa haraka haraka, au pumba inamwagiwa maji ya moto basi imeisha, wanga ambao haujaiva unapita tu na kwenda kuchachuka chini. Upike kama uji mzito, acha utokote vizuri, ndo umwekee. Na kiporo cha jana kilichoshinda kwenye sufuria na joto hili letu la Desemba mpaka Machi, ukikinusa tu unajua kimeshachacha, usimpe.

Hapohapo kwenye mahindi, tafadhali sana, yale yaliyoota ukungu msiseme "haya tumpe mbwa". Ukungu ule unaweza kuwa na sumukuvu, ndiyo ileile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ini lake linaumia nayo vibaya sana. Mbwa sio jalala.

Dagaa ni wazuri, protini nzuri na bei yake inaeleweka, ila wakizidi harufu ndo hiyo, na mara nyingi wana chumvi na mchanga. Waloweke, umwage maji, umpe mbwa kiasi. Vichwa vya samaki kutoka soko la samaki la Deep Sea vichemshe na utoe mifupa. Na kama mbwa anafunguliwa usiku anazunguka mwenyewe hadi kwenye majalala na matumbo ya samaki, hapo hata ukimpikia vizuri namna gani gesi haitaisha, funga geti.

Sasa namna ya kula. Mbwa anayemaliza bakuli ndani ya nusu dakika amemeza hewa nyingi kama chakula chenyewe, na hewa hiyo lazima itoke, kwa mdomo au kwa nyuma. Kama mna mbwa wawili watatu wanakula sinia moja kila mmoja anashindana, watenganishe, kila mtu na bakuli lake na kona yake. Mlo mmoja mkubwa wa jioni ugawe uwe miwili, asubuhi na jioni. Kuna mabakuli yenye vinundu ndani ya kumchelewesha, tunauza, lakini kusema kweli trei ya kuokea keki ukitandaza chakula chembamba inafanya kazi ileile, au weka jiwe kubwa safi katikati ya bakuli ale akilizunguka, hakikisha tu ni kubwa asiweze kulimeza. Akishakula mwache apumzike kama saa moja kabla ya kukimbia. Baadaye mtoe, mbwa anayefungwa mnyororo kutwa nzima tumbo lake linalala, gesi inakaa na choo kinakuwa kigumu, wakati matembezi ya jioni tu yanamsaidia. Mbwa wenye pua fupi bapa kama Bulldog na Boxer wanameza hewa kuliko wengine kwa maumbile yao, hao kwa kweli utapunguza tu hutamaliza.

Wale mnaonunua chakula cha mfuko, kosa kubwa tunaloliona ni kubadili ghafla, mfuko wa zamani umeisha leo na mpya unaanza leo. Bakteria wa tumboni wanahitaji muda, tumbo la mbwa sio waja leo waondoka leo. Changanya robo ya kipya na robo tatu ya cha zamani siku mbili tatu, kisha nusu kwa nusu, kisha robo tatu kwa robo, jumla iwe siku 7 hadi 10. Soma na pembeni ya mfuko, kama soya imeandikwa mwanzoni kabisa na mbwa wako ana gesi, jaribu ambacho hakina. Na mfuko ukishafunguliwa ufunge vizuri uweke pakavu, unyevunyevu wa huku pwani unaharibu mafuta yaliyomo haraka.

Kama tumbo limevurugika sasa hivi, mpe wali mweupe ulioiva sana na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi wala mifupa, mafungu mawili ya wali kwa moja la kuku, milo midogo midogo siku tatu nne. Isizidi hapo sana, chakula hicho hakina kalisi ya kutosha na kwa mtoto wa mbwa anayekua mifupa itaumia.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, jamani. Ukikata maziwa, ukabadili mfuko na ukampa dawa siku moja, akipona hutajua kilichomponya na akirudia tena utaanza upya.

Dawa sasa. Minyoo na vimelea wengine wa tumboni wanachangia gesi, kwa hiyo tutakuuliza dozi ya mwisho alipewa lini. Watoto wa mbwa wanaanza wakiwa na wiki 2, wanarudia kila wiki 2 mpaka waachishwe, kisha kila mwezi mpaka miezi 6, mkubwa kila miezi 3. Dozi inapimwa kwa kilo za mbwa, na dawa ya ng'ombe au mbuzi usimkadirie mbwa hata siku moja, hasa ivermectin, tofauti ya uzito ni kubwa na tumeona walioletwa wakitetemeka na kuyumba. Kuna pia bakteria wazuri wa unga wa kuchanganya kwenye chakula, wanasaidia baadhi ya mbwa hasa baada ya kuharisha au kumaliza antibiotiki. Na kuna mchanganyiko wa mkaa maalumu, mmea wa yucca na zinki ambao watafiti wa Uingereza waliujaribu kwa mbwa na kuchapisha mwaka 2001, ulipunguza sana ile harufu mbaya. Unapunguza harufu, hautibu chanzo. Mkaa wa jikoni sio huo, usiusage ukampa. Zile dawa za unga zinazotoa povu kwenye maji nazo hapana, povu lenyewe ni gesi, unamwongezea. Diclofenac, ibuprofen na paracetamol za nyumbani zinaua mbwa, hata nusu kidonge usijaribu.

Ukiona anakula kama kawaida au hata zaidi lakini anakonda, choo kingi, chepesi, kina mafuta mafuta na kinanuka, usiendelee kubadili vyakula. Kwa German Shepherd hasa kuna ugonjwa wa kongosho kushindwa kutoa vimeng'enya vya kusaga chakula, una kipimo chake cha damu na unatibika kwa unga wa vimeng'enya unaochanganywa kwenye kila mlo maisha yake yote. Vilevile damu kwenye choo, kutapika kunakojirudia, au kukataa kula siku nzima, hao wote tunawapeleka kwa daktari, hatuwauzii kitu.

Ukija dukani njoo na orodha ya kila alichokula siku tatu zilizopita, pamoja na anachopewa na watoto kwa siri na anachopewa na mlinzi, muulize mlinzi vizuri maana yeye ndo anajua. Piga picha ya choo chake, usione haya. Mbwa mwenyewe kama anapanda bodaboda au bajaji mlete tumpime kwenye mzani wetu wa mifuko, kama hawezi basi nyumbani mbebe upande naye kwenye mzani, kisha pima wewe peke yako na utoe. Kuulizia ni bure, na wa Muheza na Pangani mnaweza kututumia picha na maelezo hayo hayo kwa WhatsApp, tunajibu mpaka saa mbili usiku.