Mkono wa Pili wa Doto

Njombe, 9 Aprili

Mama Kulwa shoga yangu, kamwene!

Najua unajua kwanini nakuandikia badala ya kupiga. Jumapili ulivyopiga ukaniuliza vipi yale masweta ya watoto yameisha, mi nikakwambia mtandao unakatakata alafu nikakata. Mtandao ulikuwa mzima kabisa. Nilikuwa nimekaa kitandani, sweta la Kulwa liko mapajani limeisha kila kitu mpaka vifungo, la Doto liko pembeni lina mkono mmoja, aibu ikanipanda mpaka masikioni. Sasa huku kwenye maandishi huwezi kunikatiza, nisome mpaka mwisho ndo utukane.

Hilo la Doto limekaa na mkono mmoja mwaka wa pili huu. Sio kwamba nililitupa, uzi uliisha. Nilinunua mabonge sita ya ile bluu ya mawingu ya asubuhi nikajiona nina akili, kumbe mtu anayefumia mapacha nimepiga hesabu ya mtoto mmoja na nusu. Nikarudi dukani nikapata bluu ileile, jina lilelile, kiwanda kilekile, nikafuma nusu ya mkono usiku kwa taa, asubuhi nikatoka nao barazani kwenye jua, jamani! Ule mkono ni wa mtoto mwingine kabisa. Ndo nikaja kujua kile kikaratasi cha kwenye bonge kina namba mbili, moja ya rangi na moja ya mkupuo uliochovywa siku ile, na hiyo ya pili isipofanana basi hata dukani uone ni kitu kimoja, mwilini zitakataana. Mi miaka yote kile kikaratasi nilikuwa natupa.

Bas nikakaa nalo. Na la Kulwa nalo ningelitumaje peke yake? We mwenyewe unajua ukimpa mmoja biskuti mwingine anasimama mlangoni kama mdai wa kodi. Nikasema ngoja nikipata uzi wa mkupuo ule ule nitamalizia, na huku nasubiri mikono haikai bure, nikaanza kakofia. Hapo ndo nilipopotea.

Maana shida nyingine ni sindano. Sindano zangu nzuri za milimita nne ni pea moja tu, zile ulizoniletea ukiwa na mimba. Kwahiyo nikitaka kuanza kipya lazima nivue cha zamani, na vitanzi huwezi kuviacha hewani, kimoja kikiponyoka kinashuka mstari kwa mstari mpaka chini kinaacha ngazi, sasa navihamishia kwenye chochote kilicho karibu. Shela la mama mkwe liko kwenye spoku mbili za baiskeli. Kofia ya ubatizo iko kwenye kalamu ya Upendo, anaitafuta mpaka leo. Ule mkono wa Doto, usicheke, umechomekwa kwenye kijiti cha mishkaki. Juzi mvua ilinifungia ndani nikavitoa vyote nikahesabu, viko tisa, na hakuna hata kimoja cha kuvaa ukatoka nacho nje. Kuna sweta la kijani la shule la Upendo limebaki shingo tu, ila Upendo ameshahama, shule ya sasa wanavaa damu ya mzee. Kuna vitambaa vya makochi vya kroshia, vilitakiwa saba vipo vitano, na makochi yenyewe tulishauza.

Baba Upendo unamjua, mtu mpole, haongei ovyo. Sasa wiki iliyopita alikuja mwenzake wa kazini, akajisikia yuko nyumbani akaenda mwenyewe kwenye friji achukue maji ya kunywa. Lile friji la zamani liliungua tangu mwaka juzi, mi nikaligeuza stoo. Kafungua mlango, mabonge yakamdondokea miguuni, moja likaenda kuviringika mpaka chini ya meza. Mgeni akasimama tu kashika mlango. Baba Upendo akanigeukia taratibu akasema, "Hivi mke wangu, we nyuzi unazifuma au unazifuga?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini, ila usiku lile neno likanirudia. Na kweli zinazaana! Asubuhi nikabeba kila kitu kwenye viroba nikaenda kwa jirani anayeuza viazi, nikamwomba mizani. Kilo 11. Sweta la mtu mzima linakula nusu kilo na kidogo, kwahiyo pale nimekalia masweta kama ishirini, na mgongo peke yake ni vitanzi 100 kwa mistari kama 160, yani vitanzi 16,000 na bado hujagusa mbele wala mikono. Jirani akaniuliza kilo nauza shingapi.

Kuhusu friji usinione chizi, lina sababu. Mpira wa mlango bado unabana, nondo hawaingii. Nondo hawana habari na akriliki, ule uzi wa plastiki, wanataka sufu ya kondoo, ile ya maana, wanatagia humo alafu viwavi wao ndo wanakula. Nilishapoteza bonge zima la rangi ya kahawia namna hiyo, nikilivuta linakatika kila baada ya hatua mbili.

Na usidhani pesa zote zinaishia dukani. Dukani naenda kwa kujikaza. Ugonjwa wangu mwenzio ni mtumba. Siku wakifungua bero la masweta, wenzangu wanatafuta la kuvaa, mi nageuza ndani nje naangalia mishono ya ubavuni. Likiwa limekatwa kama kitambaa likapigwa ovaloki achana nalo, ukilifumua unapata vipande vya kufungia mafungu ya mchicha. Ila likiwa limefumwa kipande kwa kipande, kingo zina vitanzi vizima, vimeunganishwa na uzi mmoja tu wa kushonea, hapo moyo unanidunda. Nachomoa kauzi kamoja kwa ndani namwomba kijana wa karibu kiberiti. Kakiyeyuka kakawa kidonge cheusi kigumu, hiyo akriliki. Kakinuka nywele zilizoungua, na ukikagusa kanakuwa majivu, hiyo sufu, lipa uondoke kabla muuzaji hajashtuka anakuangalia nini.

Alafu ile jioni yake sasa! Nakata mshono, naachanisha vipande, naanzia juu maana ndo walipomalizia, nikishapata ile ncha navuta na uzi unatoka wenyewe trrrrr, mstari mzima kwa pumzi moja. Unatoka umejikunjakunja kama tambi. Nauzungusha kwenye mgongo wa kiti, nafunga sehemu nne usivurugike, naloweka maji ya vuguvugu, naanika kwenye kamba na kuning'iniza chupa ya maji chini yake uvutike, ukikauka umenyooka kama umetoka kiwandani. Sweta la elfu tatu linanipa uzi ambao dukani nisingeugusa. Mtu anaachaje hapo niambie? Ila ndo hivyo, kufumua ni jioni moja na kufuma ni miezi miwili, so friji linajaa.

Na wewe pia una mkono humu, tena mrefu kuliko huo wa Doto. Kila mtu akitoka Dar kuja huku lazima aje na kamfuko, "Mama Kulwa kasema nikupe, kapita Kariakoo kaona rangi akakukumbuka." Nashukuru sana na nakupenda ila naomba uniache. Ile njano ya mwisho hata sijaifungua.

Ngoja nikuchekeshe kidogo maana najua umeshakunja uso. Mama mkwe alinipa sindano zake za zamani, zimeandikwa 8, moja ikapinda. Nikamwagiza mtu aniletee namba 8 mpya, kaniletea za milimita 8. Mi sina habari nikaanza sweta la Baba Upendo, nikashangaa linakimbia, siku tatu nimefika kwapani. Kumwekea kifuani ni wavu wa dagaa, kitovu kinaonekana. Kumbe 8 ya zamani ya Kiingereza ni milimita 4 za sasa, na kwenye hesabu yao hiyo namba inavyopanda ndo sindano inavyozidi kuwa nyembamba. Nikalifumua nikalianza upya na hizi zako, nikalimaliza kabisa, la sufu, zuri mpaka watu wa kwaya waliniulizia. Akalivaa mara mbili. Ya tatu akaamua anisaidie kufua, akalimwagia maji ya moto ya kuogea na kulisugua kama gauni la jikoni. Lilivyokauka limekuwa gumu kama kapeti na linamwenea Upendo. Kwahiyo ukitaka kuwa mkweli, sweta pekee la mtoto lililowahi kutoka mikononi mwangu ni la baba yake.

Sasa nimekaa nimejiuliza kwanini kila kitu kinakwama palepale. Nimeangalia vile vitu tisa, vinne kati yake vimekwama kwenye mkono wa pili au kwenye kitu cha pili cha namna hiyo, soksi ya pili, glovu ya pili. Sio uzi kuisha tu, huo ulikuwa wa Doto. Mgongo unaufuma una hamu, mbele una shingo ya kuwazia, mkono wa kwanza unajaribu utakaaje, ila wa pili hauna jipya hata moja, unajua kila kitu kitakachotokea kabla hakijatokea. Ni kama ukisukwa, upande mmoja umeisha alafu msusi anakwambia geuka. Na pembeni kuna friji linakuita.

Haya nafika kwenyewe. Jana usiku nimelifumua la Kulwa.

Usipige kelele kwanza. Lile lililoisha, ndio, hilo hilo, nilitoa vifungo kimoja kimoja nikavifunga kwenye leso, nikakata mshono wa bega, nikavuta. Baba Upendo aliamka akanikuta nalia huku naviringisha, akaniuliza nani kafa. Lakini niambie ukweli, watoto wanafikisha miaka mitatu mwezi ujao, yale masweta nilianza hawajajua kukaa. Nililipima la Kulwa kwa mtoto wa jirani wa umri huo, kichwa hakikupita. Nilikuwa nalitunza tu ili niweze kusema moja limeisha. Na la Doto nikalifumua baada yake, hilo halikuniuma hata.

Kwahiyo mpango ni huu, na mwezi wa sita mkija likizo mtayakuta, maana kwa baridi la huku la wa sita na wa saba siwezi kukuacha uwalete watoto wa Dar na vikoti vya jinsi. Bluu zote mbili zile zilizokataana nimeziweka pamoja, na kwenye friji nina kijivu cha akriliki cha unene uleule (sufu sichanganyi humo, ukifua sufu inanywea na bluu inabaki pale pale, sweta linakuwa kama kibogoyo). Nafuma mistari mistari, bluu hii, kijivu, bluu ile, kijivu, zikiwa na kijivu katikati hazionani. Na wote wawili wanapata bluu zote mbili, asije mtu akasimama mlangoni.

Na safari hii naanza na mikono. Yote miwili kwa pamoja, vitanzi vya mkono wa kulia na wa kushoto vinakaa kwenye sindano moja, mabonge mawili, namaliza mstari wa huu naingia mstari wa ule, ikiisha imeisha yote. Kumbe inawezekana! Mama mmoja wa kwenye kikoba ndo kanionyesha wiki iliyopita, anafuma hivyo tangu ujana wake na hakuona kama ni kitu cha kusema.

Ila bila urefu wa mikono siwezi kuanza, na futi najua huna, ile yako Kulwa aliikata. Keshokutwa pokea kiroba cha viazi, namkabidhi konda wa basi la asubuhi, ntakutumia namba yake. Ndani utakuta mfuko wa nailoni na uzi mweupe mrefu. Ncha moja ina fundo moja, hiyo ya Kulwa, ncha nyingine ina mafundo mawili, ya Doto. Mkunje mtoto kiwiko kidogo, shika fundo kwapani, pitisha uzi mpaka kwenye kifundo cha mkono, pale funga fundo jingine. Usivute, uzi ukiuvuta unadanganya. Alafu mpe yeyote anayekuja huku, huo uzi tu, narudia, uzi huo mmoja tu.

Anza na Doto.

Mwenzio,
Mama Upendo