Kumiksi sio kazi ya macho

Mhariri, makala yenu ya juzi ya maprodyuza chipukizi nimeisoma, yaani NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, imenisomea maana sioni, na pale yule mwalimu wa studio aliposema asiyeona hawezi prodakshoni kwasababu kumiksi (kusawazisha sauti za wimbo) ni kazi ya macho ndo nikaona niandike. Jamani macho ya nini, besi imezidi unaionaje?

Kinachotukwamisha ni programu. Kisoma skrini kama NVDA hakiangalii picha, chenyewe kinaiuliza kompyuta hiki kitu kinaitwaje na kimewekwa ngapi, sasa programu nyingi za muziki na hasa plagini (viprogramu vya kuongezea humo ndani) zimechora vinobu na slaida kama picha tupu, nyuma hakuna jina, kwahiyo nikipita na Tab nasikia batani, batani, batani, au kimya kabisa. Ile programu ambayo kozi nyingi za hapa mjini zinaing'ang'ania ndo iko hivyo.

Na inawezekana kabisa. REAPER, programu ya kurekodi na kumiksi, ukiiwekea nyongeza ya OSARA inaongea kupitia kisoma skrini, unashuka na mshale unaambiwa jina la treki, kama imezimwa, voliumu iko desibeli ngapi, unakata unahamisha unarekodi, yote kwa kibodi. OSARA ni ya bure na aliyeianzisha, James Teh, mwenyewe haoni, ndo huyohuyo aliyeijenga NVDA na Michael Curran kule Australia kuanzia 2006. Leseni ndogo ya REAPER ni dola 60, sio hela ya kuokota, ila wanakupa siku 60 za kujaribu. Ableton nao wameanza kusapoti visoma skrini kwenye programu yao ya muziki, Live 12 ya 2024, na JUCE, zana ya kuundia programu za sauti inayotumiwa na watengeneza plagini wengi imejengewa hicho kitu tangu 2021, kwahiyo mtu akikwambia ni kazi ngumu mno muulize vizuri.

Usumbufu upo, sidanganyi. Dreva ya ASIO, ile ya kurekodi bila kuchelewa, ikiishika saundi kadi NVDA inaweza kuwa bubu katikati ya kurekodi, hapo dawa ni NVDA itokee saundi ya laptop na muziki upite kwenye intafesi (kile kiboksi cha kuchomekea maiki), sikio moja huku lingine kule, na usisahau hedifoni maana maiki ikiinasa sauti ya NVDA utakuta katikati ya vesi ya msanii kuna roboti anasema "treki ya nne" (msanii wangu mmoja alitaka tuiache hivyohivyo).

Sasa wenye kozi, mwanafunzi asiyeona akija na laptop yake yenye REAPER mpokeeni, kompresa (ile ya kubana sauti zilizozidi) ni kompresa kwenye programu yoyote. Na hii ya "bonyeza hapa, vuta hapa", hapa wapi? Tajeni kitu kwa jina na shotikati yake, hata wanaoona watafanya kazi haraka. Mtihani pia msidai faili la projekti la programu yenu, pokeeni WAV, faili la sauti lenyewe, muisikilize.

Prodyuza asiyeona,
Temeke, Dar es Salaam